Msafara wa Ziwa la Jangwani

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, ambayo wenyewe huiita Eastlands, yako majina yanayotajwa kila siku na makondakta wa matatu, na ndani ya majina hayo mna habari za safari za zamani. Kariokor ni matamshi ya Kiswahili ya jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi waliobeba mizigo ya jeshi katika vita vya 1914 hadi 1918. Makumi ya maelfu ya wachukuzi hao hawakurudi makwao. Shauri Moyo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya watu walioondolewa katika kijiji cha Pangani, nacho kijiji hicho kilikuwa miongoni mwa vijiji vya kwanza vya Waafrika mjini Nairobi. Humo walikaa Waswahili wa pwani, wachuuzi, na wazee waliowahi kufuatana na misafara kabla reli haijafika.

Jina la Pangani ni la pwani. Pangani ya asili ni mji wa bandari katika Tanzania ya leo, mahali ambapo mto wa jina hilo huingia baharini, na katika karne ya 19 ndiko ilikoanzia misafara mingi ya pembe za ndovu iliyokwenda Umasaini. Mwaka wa 1887 uliondoka huko msafara mmoja ambao kila mwanafunzi wa historia katika Kenya ameusikia, ingawa aghalabu ameusikia nusu. Mwalimu huuliza: Ni nani aliyeligundua Ziwa Turkana? Mwanafunzi hujibu: Count Teleki. Mwalimu hutia alama ya vema, na wote wawili huendelea na swali la pili. Mimi nafundisha walimu, na swali ambalo napenda waulize darasani ni jingine: Huyo Teleki aliongozwa na nani?

Kwanza na tumjue mwenye safari. Sámuel Teleki alikuwa bwana tajiri wa Hungaria, mwenye umri wa zaidi ya miaka arobaini, mnene wa mwili, mpenda kuwinda. Rafiki yake alikuwa Rudolf, mwana wa mfalme mkuu wa Austria na mrithi wa kiti chake. Teleki alifuatana na Ludwig von Höhnel, afisa kijana wa jeshi la majini la Austria, ambaye kazi yake ilikuwa kupima nchi na kuchora ramani. Hao walikuwa Wazungu wawili. Watu wengine wote katika msafara, yapata 400 walipoondoka pwani, walikuwa Waafrika: wapagazi, askari, Wasomali waliolinda kambi chini ya mkubwa wao Qualla Idris, wapishi, na wanyapara. Na mbele yao wote alikuwako Jumbe Kimemeta.

Kimemeta alikuwa mfanya biashara wa Pangani. Miaka mingi alikuwa amepita katika nyika ya Wamasai akitafuta pembe. Alizijua njia, alijua ni mahongo gani yanayotakiwa na wazee wa kila nchi, na alijua aina ya ushanga na unene wa senyenge uliopendwa mahali hapa na kukataliwa mahali pale. Jambo hili la ushanga si dogo, kwa maana msafara uliobeba ushanga wa rangi isiyopendwa ulikuwa kama mtu aendaye sokoni Gikomba na fedha za nchi nyingine. Mwaka wa 1883 Mwingereza Joseph Thomson, aliyetaka kupita Umasaini, alijiunga na msafara wa Kimemeta, na kwa msaada wake alifika hata Ziwa Baringo. Teleki alipofika pwani miaka michache baadaye, alimwajiri mtu yule yule.

Haifai kudhani kwamba Kimemeta alikuwa mtumishi tu, au kwamba alikuwa mtakatifu. Yeye alitafuta pembe zake. Biashara ya misafara ilichanganyika na utumwa, na miongoni mwa wapagazi walikuwamo watumwa waliokodishwa na mabwana zao, ambao mabwana hao walichukua sehemu ya mshahara wao. Wala ziwa lenyewe halikuwa siri. Wafanya biashara wa pwani walikuwa wamekwisha kulisikia na kulisimulia. Katika nchi ya Gazi, kusini ya Mombasa, alitoka msafiri mmoja aitwaye Sadi bin Ahedi, aliyemweleza mmishonari Thomas Wakefield njia za misafara kutoka pwani hata bara, kituo kwa kituo, na maelezo yake yalichapishwa London mwaka wa 1870. Hata kabla ya safari ya Teleki, Wazungu wenye kuchunguza ramani walikwisha kusikia kwamba mbali kaskazini, upande wa Wasamburu, liko ziwa kubwa.

Basi kwa nini kiongozi alihitajiwa hivyo? Jibu lake ni hesabu, na mwanafunzi wa Kayole au Dandora ataifahamu upesi kuliko mwingine. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Mtungi wa plastiki ambao watu wetu huujaza maji penye kioski na kuubeba hadi ghorofa ya nne una lita 20, kwa hiyo uzito wake ni kilo 20 na zaidi kidogo. Mpagazi basi alibeba mitungi kama hiyo mmoja na nusu, tangu alfajiri hata jua kali, siku baada ya siku, kwa mwaka mzima na zaidi. Sasa tuseme msafara una watu 200, na kila mtu anahitaji lita tano za maji kwa siku katika joto la jangwa. Hizo ni lita 1,000, yaani mitungi 50, na kuibeba kunataka watu thelathini na watatu. Kwa siku tatu wanatakiwa watu mia moja, nusu ya msafara, wasiobeba kitu kingine chochote: si chakula, si nguo za amerikani, si risasi, si hema. Kwa hiyo msafara mkubwa hauwezi kuchukua maji yake. Hauna budi kwenda kutoka kisima hadi kisima, na asiyejua kisima kilipo amekufa pamoja na watu wake. Bunduki za Teleki zilikuwa nzuri sana, lakini hazikujua maji yalipo.

Safari yenyewe ilikwenda polepole. Walifuata mto Pangani, wakafika Taveta, na Teleki akaupanda Kilimanjaro hata penye theluji. Kisha wakaelekea kaskazini, wakapita Ngong, ambapo misafara ilizoea kununua chakula kwa Wakikuyu kabla ya kuvuka nchi isiyolimwa. Mahali hapo si mbali na ilipo Nairobi leo, ila Nairobi haikuwako bado. Wasafiri wengi waliishia mpakani mwa Ukikuyu wakaogopa kuingia. Msafara wa Teleki uliingia, ukapita katikati, na kupita kwake hakukuwa kwa amani siku zote. Walipigana, watu wakafa, vijiji vikachomwa na mifugo ikachukuliwa. Vitabu vya zamani huyaeleza mambo hayo kwa wepesi, kama kwamba yalikuwa sehemu ya uwindaji. Walioishi katika vijiji hivyo hawakuyaona hivyo.

Teleki aliupanda pia Mlima Kenya hadi juu ya msitu, naye ni Mzungu wa kwanza anayejulikana kuufikia upande ule wa juu. Kisha msafara ukashukia Baringo. Huko walikuta njaa. Wenyeji wa Njemps walikuwa na nafaka kidogo sana, na watu wa msafara wakakaa wiki nyingi wakitafuta posho, wengine wakitumwa kurudi nyuma njia ndefu kwenda kununua nafaka. Mnamo Februari 1888 waliondoka Baringo kuelekea kaskazini, wakiwa wachache kuliko walipoanza. Sasa waliingia nchi ambayo hata Kimemeta aliijua kwa kusikia zaidi kuliko kwa kuona.

Hapa kiongozi naye alihitaji viongozi. Msafara ulifika Mlima Nyiro, ambao una chemchemi na misitu juu yake ingawa chini yake ni ukame mtupu, na huko walipata wenyeji wa kuwaonyesha njia ya kushukia ziwani. Nchi hiyo yote ni mawe. Mawe meusi ya volkano yametandazwa mpaka upeo wa macho, makubwa kama vichwa vya watu, na mengine yana makali ya kukata viatu vya ngozi, sembuse nyayo zilizo wazi. Upepo huvuma kutoka milimani kwa nguvu hata mtu mwenye mzigo kichwani hulazimika kusimama. Mimi nimeyaona mawe hayo nikiwa nimekaa ndani ya lori, na hata hivyo mgongo wangu uliyakumbuka kwa wiki nzima.

Tarehe 6 Machi 1888 waliliona ziwa. Fikirini, wanafunzi, watu wenye kiu, midomo imepasuka, wanatokea juu ya ukingo wa mawe na kuona chini yao maji yasiyo na mwisho, rangi yake mara buluu mara kijani. Höhnel ameeleza jinsi watu walivyoteremka mbio kwa vifijo na kujitupa majini. Kisha wakayaonja. Maji yalikuwa ya magadi. Ziwa Turkana halina mto utokao. Maji mengi huingia kutoka mto Omo wa Uhabeshi, na hayatoki tena ila kwa kukaushwa na jua, nayo magadi hubaki. Maji hayo hunyweka kwa shida, na wenyeji huyanywa, lakini si maji ambayo mtu aliyechoka huyaota.

Siku hiyo Teleki alilipa ziwa jina la rafiki yake Rudolf. Waliomwongoza walikuwa na jina lao, ambalo Höhnel mwenyewe aliliandika katika kitabu chake: Basso Narok. Neno narok katika lugha ya Kimaa ni -eusi, na ziwa dogo la kaskazini walilitofautisha kwa kuliita jeupe, Basso Ebor. Teleki alipolifikia hilo dogo mwezi wa Aprili, alilipa jina la Stefanie, mke wa Rudolf. Rudolf hakupata kuliona ziwa lake hata siku moja. Alijiua Januari 1889, miezi mitatu tu baada ya msafara kurudi pwani. Jina la marehemu huyo lilikaa katika ramani zetu hadi mwaka wa 1975, serikali ya Kenya ilipoliita Ziwa Turkana.

Njia ya pwani ya mashariki ya ziwa iliwachosha kuliko yote iliyotangulia. Walikutana na Waelmolo, wavuvi wachache waliokaa kando ya maji na visiwani, wakila samaki na nyama ya mamba na kiboko. Chakula cha msafara kilikuwa nyama ya tembo na vifaru waliopigwa na Teleki. Nafaka hawakuipata mpaka walipofika mwisho wa ziwa upande wa kaskazini, kwa watu ambao Höhnel aliwaita Wareshiat, nao ndio Wadassanech wa leo. Waliporudi walipita upande wa kusini, karibu na volkano iliyokuwa ikitoa moshi, ambayo hata leo huitwa Teleki, wakaingia nchi ya Waturukana, nao wenyeji wenyewe walikuwa na njaa. Wapagazi wengi walikufa katika sehemu hiyo. Imeandikwa kwamba Teleki, yule bwana mnene, alipungua zaidi ya kilo 40 katika safari nzima. Mpagazi hakuwa na kilo 40 za kupunguza.

Walifika pwani Oktoba 1888. Höhnel alitoa kitabu kwa Kijerumani mwaka wa 1892, na kwa Kiingereza mwaka wa 1894, nacho ni kitabu chenye manufaa sana. Bila hicho nisingeweza kuandika mengi ya haya. Tena yeye hakumficha Kimemeta, amemtaja kwa jina mara nyingi. Lakini majina ya kitabuni hayakufika penye ramani. Katika Mlima Kenya liko bonde la Teleki na liko bonde la Höhnel. Kuna mmea wa mlimani uitwao kwa jina la Teleki katika vitabu vya elimu ya mimea, na kuna kinyonga wa nyanda za juu za Kenya aitwaye kwa jina la Höhnel. Ramani ya shule haina mlima wala kijito cha Kimemeta. Waswahili wa wakati ule hawakukosa uwezo wa kusimulia: mwaka wa 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, ambamo wasafiri wa pwani wameeleza safari zao kwa maneno yao wenyewe, mmoja wao akieleza hata habari za Urusi na Siberia. Habari za Kimemeta tunazisoma kwa kalamu za wale aliowaongoza.

Baada ya Teleki walikuja wengi, na makundi yao yakawa madogo zaidi kadiri njia zilivyojulikana. Mwaka wa 1934 wataalamu wa Kiingereza wakiongozwa na Vivian Fuchs walifika ziwani kuchunguza miamba. Wawili wao, Martin na Dyson, walivuka kwa mashua hadi kisiwa cha kusini. Hawakuonekana tena. Ziwa hilo huweza kuwa kimya asubuhi, kisha upepo ukashuka kutoka Mlima Kulal ukainua mawimbi ya bahari.

Safari ninayoipenda kuliko hizo ni ya 1969. Mwaka huo Richard Leakey na wenzake wachache, mmoja wao Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Ukambani, walikwenda kwa ngamia katika nchi kavu ya mashariki ya ziwa kutafuta mifupa ya kale, na katika safari hiyo likapatikana fuvu la kiumbe wa jamii ya binadamu lenye umri wa zaidi ya miaka milioni moja na nusu. Kamoya aliendelea kutembea katika nchi hiyo kwa miaka mingi, macho yake ardhini. Mwaka wa 1984, katika Nariokotome upande wa magharibi, aliokota kipande kidogo cha mfupa wa fuvu katikati ya changarawe za rangi ile ile. Walipochimba walipata karibu mifupa yote ya kijana aliyekufa yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Kamoya alifariki mwaka wa 2022. Yeye hakupatwa na yaliyompata Kimemeta: alipewa nishani Marekani mwaka wa 1985, na nyani wa kale wa jamii moja waliitwa kwa jina lake, Kamoyapithecus. Mifupa ya kijana yule imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, mwendo wa matatu mbili kutoka Buruburu.

Tangu miaka ya 1970 watalii pia wamekuwa wakisafiri hadi ziwani kwa malori yaliyofungwa viti, watu kumi na tano au ishirini pamoja na dereva, mpishi na kiongozi. Wenyeji wa Nairobi waliyazoea malori hayo kwa jina la Turkana Bus. Mwezi wa Agosti mwaka mmoja, walimu kumi na wawili tunaofundisha au tuliowahi kufundisha katika shule za Eastlands tulichanga fedha tukakodi lori la namna hiyo. Lami sasa inafika Marsabit na kupita hadi Moyale, kwa hiyo zaidi ya kilomita 500 za kwanza zilikuwa za usingizi. Kutoka Marsabit lami tuliiacha. Tulikuwa na mapipa mawili ya maji, mbao za kutia chini ya magurudumu, na kiongozi wetu, Mrendille wa makamo, asiyesema sana.

Jangwa la Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka zamani. Ni tambarare nyeupe ya chumvi, na mtu mgeni huona kwamba lori laweza kupita popote. Kiongozi wetu hakuona hivyo. Mara tatu alimsimamisha dereva, akashuka, akakanyaga, akatuzungusha mbali. Chini ya ganda la chumvi, alisema, mna matope yaliyobaki tangu mvua ya miezi mingi iliyopita, na lori likizama hapo laweza kukaa mpaka kiangazi kingine. Karibu na Loiyangalani tuliona mitambo ya upepo imesimama juu ya mawe, 365 kwa jumla, ambayo tangu 2018 hupeleka umeme kwa waya mrefu hadi Suswa, na kutoka hapo katika gridi inayowasha taa za Umoja na Donholm. Wenyeji walishitaki juu ya ardhi hiyo, na Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati zake hazikupatikana kwa kufuata sheria.

Usiku ule mbele ya ziwa, upepo ukitikisa mahema, nilimkunjulia kiongozi ramani yangu chini ya taa. Nilikuwa nataka anionyeshe njia ya Teleki. Yeye hakutazama milima wala majina. Alitafuta visima, kimoja kimoja, kwa kidole, tangu Kargi hadi Nyiro, kisha akasema aliyechora ameacha vitatu. Nilimpa penseli. Alivitia mahali pake, akaandika kando ya kila kimoja jina lake, na kando ya kimoja akaongeza kwamba maji yake ni ya ngamia tu. Ramani hiyo nimeitundika katika chumba cha historia chuoni, nao wanafunzi wangu huitumia.